Raketi ya Obdulia

Alfajiri za Agosti, kabla ukungu haujaliachia bonde la Galisia,
Obdulia hushuka na kiti cha plastiki
na raketi ya vinyoya, ile aliyoisahau mjukuu
likizo ya mwaka wa mvua.
Huketi mbele ya mizinga kumi na mmoja,
bawabu asiye na mshahara.

Masikio humtangulia macho.
Mvumo mzito, chini kidogo ya mvumo wa nyuki,
kisha huyo: mavu amesimama hewani
pasi na tawi, pasi na uzi,
mweusi, miguu ya manjano
kama aliyekanyaga rangi mbichi.
Mzinga ameupa kisogo. Uso wake kwa wanaorudi.
Hana haja na anayetoka mtupu;
anamngoja aliyechoka,
mwenye chavua mapajani na mbawa nzito,
asiyejua nyumbani kwingine.

Pa!
Mmoja.
Pa! Hewa.
Pa! Hewa, na goti la Obdulia.

Anayeponyoka hutua kwenye tawi la mtofaa
na kuchinja kwa utulivu wa fundi:
kichwa, chini. Mbawa, chini. Tumbo na asali yake, chini.
Hubeba kifua tu, kifundo cha nyama,
kwani naye ana majana kiotani, vinywa wazi.
Obdulia alilea watano kwa ujira wa kiwanda cha dagaa.
Hilo analielewa.
Ndiyo maana hupiga kwa nguvu zaidi.

Lakini si waliochinjwa walioumaliza mzinga wa nne.
Alitega sikio ubaoni: hapakuwa na vita mle,
palikuwa na umati unaonong'ona,
mlango wazi, maua yamefunguka hatua tatu mbele,
na hakuna aliyethubutu kutoka.
Wakala akiba. Wakaguguna sega hadi ukutani.
Aliwakuta wamekumbatiana, wakavu, wepesi,
akawazoa kwa kijiko cha supu.

Septemba, Eladio wa zimamoto akatega sahani
ya bia na divai nyeupe,
akamnasa mmoja mlevi, akamfunga kiunoni
uzi mwekundu wa sufu,
akamwachia.
Wakaufuata ule wekundu, shingo juu,
ng'ambo ya barabara, ng'ambo ya kinu,
hadi ukuta wa mawe
ambao Obdulia hakuuvuka tangu mazishi ya mama yao.

Ndugu wakigombana, watu husema, chukua jembe ukalime.
Kijiji kizima kilikwisha kulima miaka kumi na tisa
kwa ajili ya mfereji mmoja wa maji
usiotosha kuoshea bata.

Kiota kilining'inia kwenye mwaloni, juu ya banda la Fiz,
kikubwa kuliko gunia, kijivu,
kama gazeti lililolowa likakauka.
Fiz alikuwa kizingitini, na kandambili zake.
"Nimekiona tangu Juni," akasema.
"Mbona hukusema?"
"Nilijua kitakuleta."

Obdulia akaitazama raketi mkononi,
akampima kaka yake kwa macho, urefu wa mkono mmoja na nusu.
Eladio akakohoa,
akajitia kushughulika na ngazi.

Oktoba. Imebaki mizinga saba.
Kiota kilishushwa, lakini mavu hawajaisha;
mlima wa pili una mialoni yake.
Uzi wa raketi ulikatika, Fiz akauziba
kwa mshipi wa kuvulia samaki wa mtoni,
vibaya, kama kila anachokishika.
Sasa haisemi pa.
Inasema ting'.
Na Obdulia huilalamikia kila asubuhi,
kwa sauti kubwa,
ya kutosha kuvuka ukuta.